Ouk Chatrang kwa Mcheza Drafti wa Dar: Ubao Uleule, Vizibo Vilevile, Kanuni Nyingine

Ubao wa drafti ulioegemezwa ukutani pale kijiweni una miraba 64, na ouk chatrang nao unachezwa kwenye miraba 64. Kufanana kunaishia hapo. Fundi wa drafti anayejulikana Magomeni nzima kwa kula vizibo vitatu kwa mruko mmoja, akikaa kwenye ouk kwa mara ya kwanza hupoteza vipande vyake vya maana kabla chai haijapoa. Mkono wake umezoea kwamba kikionekana cha kula, lazima kiliwe. Kwenye ouk kula ni hiari, na mara nyingi anayekimbilia kula ndiye anayemfungulia mwenzake mlango.

Ouk ni mchezo wa Wakhmer, watu wa Kambodia. Chatrang ni ndugu wa neno letu sataranji: yote mawili yanarudi kwenye chaturanga ya Wahindi, yaani jeshi la viungo vinne. Ouk lenyewe ndilo neno analotamka mchezaji anapomtishia mfalme wa mwenzake. Hekalu la Angkor Wat, la karne ya 12, lina nakshi za mawe zinazoonyesha watu waliokaa na ubao wa mchezo kati yao. Na mwaka 2023, Kambodia ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ouk uliwekwa kati ya michezo ya kuwania medali. Anayejua sataranji ya kisasa aufikirie hivi: ni sataranji ya kabla Ulaya haijampa malkia miguu mirefu mwishoni mwa karne ya 15. Malkia wa huku anatembea hatua moja tu.

Vifaa

Ubao asilia hauna rangi mbili, ni mistari tu juu ya mbao. Wa drafti wenye rangi mbili unafaa kabisa, tena kwa anayejifunza ni bora, na sababu yake itaonekana tukimfikia neang. Kama unatengeneza mpya, chukua kipande cha plaiwudi cha sentimita 45 kwa 45, acha ukingo wa sentimita 2.5 kila upande, kisha chora miraba ya sentimita 5. Pembeni andika herufi a hadi h kutoka kushoto kwenda kulia kwa mchezaji wa chini, na namba 1 hadi 8 kutoka kwake kwenda juu. Halafu kolezea mistari miwili: unaotenganisha namba 3 na 4, na unaotenganisha 5 na 6. Hiyo ndiyo mipaka ambayo samaki akiivuka upande wa adui hubadilika. Bila mistari hiyo iliyokolezwa, kila mchezo wa wanafunzi hufika mahali watu wanabishana kama samaki keshafika au bado.

Kila mchezaji ana vipande 16: mfalme mmoja (kwao sdaach), neang mmoja, koul wawili, farasi wawili (ses), mashua mbili (tuuk) na samaki wanane (trey). Neang maana yake ni bibi au mwanamwali, na jina lake tuliache hivyohivyo, maana ukimwita malkia utamchezesha kama malkia. Koul naye abaki koul.

Samaki ni vizibo vya soda, vinane vya rangi moja na vinane vya rangi nyingine. Kizibo kinafaa kuliko kitu kingine chochote kwa sababu samaki akivuka mpaka hugeuzwa juu chini na kuwa neang, kama vile kizibo cha drafti kinavyogeuzwa kikiingia kingi. Ila hapa kuna mtego. Kizibo kikiwa kimelala na picha juu, rangi inakwambia ni cha nani. Kikigeuzwa, unachokiona ni plastiki ya ndani na yale meno 21 yanayotazama juu, na ndani vizibo vyote vinafanana. Kwenye drafti wafalme huwa wachache na watu hukumbuka. Kwenye ouk unaweza kuwa na neang wanne au watano waliogeuzwa, wako na wake, wamekaa mshazari mmoja. Paka rangi ya kucha ndani ya vizibo vya upande mmoja na uache vya upande wa pili vitupu. Subiri ikauke sawasawa, la sivyo kizibo kitaganda ubaoni. Pia chagua vizibo vilivyofunguliwa taratibu. Kilichopinda katikati kwa nguvu ya kifungua chupa hucheza ovyo ubaoni, na upepo wa jioni wa pwani ukikipata, kinahama mraba chenyewe.

Kwa vipande vikubwa unaweza kuazima seti ya sataranji: ngome iwe mashua, farasi abaki farasi, askofu awe koul, malkia awe neang. Ni rahisi, lakini anayejua sataranji atamtuma "askofu" mpaka kona ya pili ya ubao bila kukusudia. Afadhali vifuniko vya plastiki vya chupa za maji viwe mashua, kwa kuwa hata kwenye seti za kuchongwa mashua ni kipande kipana na bapa, na vingine uvikate kwenye soli ya kandambili iliyochakaa: koul mviringo, farasi pembetatu, neang mdogo na mfalme mrefu kuliko wote. Anayetaka seti ya heshima apeleke mchoro Mwenge kwa wachonga vinyago: mpingo upande mmoja, mbao nyeupe upande wa pili. Amwambie fundi kuwa mfalme, neang na koul wachongwe umbo la kuba lenye ncha na watofautiane kwa ukubwa, samaki wawe visahani vidogo, na kitako cha kipande chochote kisizidi sentimita 3.5, kisije kikagusana na jirani.

Kupanga

Mstari wa kwanza, kutoka kushoto kwa mchezaji wa chini: mashua, farasi, koul, mfalme, neang, koul, farasi, mashua. Mfalme yuko d1, neang e1. Mstari wa pili mtupu. Samaki wanane wanapangwa mstari wa tatu.

Mchezaji wa juu anapanga vivyo hivyo kwa upande wake, mfalme kushoto kwake na neang kulia kwake, kwa hiyo mfalme wake anakuwa e8 na neang d8. Samaki wake wako mstari wa sita. Ukaguzi ni mmoja: kila mfalme anamtazama neang wa upande wa pili. Wafalme wakitazamana, mmoja wenu amekosea.

Kati ya samaki wako na wake kuna mistari miwili tu mitupu, wa 4 na wa 5. Hakuna nafasi ya kuzunguka. Hatua mbili za kwanza za samaki tayari ni kugusana.

Namna kila kipande kinavyokwenda

Mfalme: hatua moja upande wowote. Mashua: moja kwa moja mbele, nyuma, kushoto au kulia, umbali wowote mpaka azuiwe. Farasi: miraba miwili na mmoja wa kukunja, anaruka vichwa vya wengine, sawa na farasi wa sataranji.

Neang anakwenda hatua moja tu ya mshazari. Hapo ndipo rangi za ubao wa drafti zinaposaidia: hatua ya mshazari haibadilishi rangi ya mraba, kwa hiyo neang aliyezaliwa kwenye mweusi atafia kwenye mweusi. Neang wawili wa mwanzo, wako na wa mwenzako, wote wanaanza kwenye rangi ileile. Hao wanaweza kukutana. Neang watakaozaliwa kutoka kwa samaki wanapata rangi ya mraba waliogeuzwa juu yake, na hiyo ni ya kufikiria mapema kabla hujamsukuma samaki.

Koul anakwenda hatua moja mshazari wowote, au hatua moja mbele moja kwa moja. Hawezi kurudi nyuma moja kwa moja wala kwenda ubavuni. Miraba mitano kwa jumla. Kule Myanmar kipande chenye mwendo huuhuu huitwa tembo, na kwa Mtanzania hakuna kumbukumbu iliyo nyepesi kuliko hiyo: miguu minne kwenye pembe, na mkonga mmoja mbele. Mkonga siku zote unaelekea kwa adui.

Samaki anasogea hatua moja mbele, hana hatua mbili za mwanzo. Anakula mshazari mbele. Akifika mstari ambao samaki wa adui walianzia (wa 6 kwa mchezaji wa chini, wa 3 kwa wa juu) anageuzwa papo hapo na kuwa neang. Hachagui kuwa mashua wala farasi. Waliozoea sataranji hulala hapa: wanasubiri mstari wa nane, kumbe mwenzao alikwisha kugeuza wawili.

Kula ni kuchukua mraba wa unayemla. Hakuna kuruka juu ya mtu, hakuna kula mfululizo, hakuna kulazimishwa. Mfalme akitishiwa, mtishiaji anasema "ouk", na mtishiwa lazima amwondoe mfalme hatarini, aweke kipande katikati, au amle anayetishia. Asipoweza, amefungwa na mchezo umekwisha. Ikiwa mfalme hatishiwi lakini upande wake hauna pa kusogea popote, ni sare. Wacheza drafti hawaipendi kanuni hii, maana kwao kumfungia mtu njia zote ni ushindi.

Ruhusa mbili za mwanzo

Hizi ndizo zinazoutofautisha ouk wa Kambodia na ndugu yake wa Thailand, na ndizo zinazoleta kelele kama hazikutajwa kabla ya kuanza.

Ya kwanza ni ya mfalme. Katika hatua yake ya kwanza kabisa anaweza kuruka kama farasi, lakini kwenda mstari wa pili tu: kutoka d1 kwenda b2 au f2. Haruki akiwa ametishiwa. Ya pili ni ya neang: katika hatua yake ya kwanza anaweza kwenda miraba miwili mbele moja kwa moja, kutoka e1 hadi e3, mradi samaki wa e3 ameshasogea.

Wachezaji wengi hufuata sharti kwamba ruhusa zote mbili zinafutika kipande cha kwanza kinapoliwa, cha yeyote. Kubalianeni hivyo. Sharti hilo linaipa zile hatua tano au sita za mwanzo utamu wake, kwa sababu mmoja anaweza kula samaki asiye na faida kwake ili tu kumnyima mwenzake mruko wa mfalme.

Kufungua mchezo

Kabla hujasogeza kitu, tazama samaki wako wanalindwa na nani. Farasi wa b1 anawalinda a3 na c3. Farasi wa g1 anawalinda f3 na h3. Mashua nazo zinaona a3 na h3. Wanaobaki bila mlinzi ni wanne: b3, d3, e3 na g3. Koul ndio dawa yao. Koul wa c1 akipanda c2, miguu yake ya mbele inawalinda b3 na d3, na mkonga unamlinda c3. Koul wa f1 akipanda f2 anawalinda e3 na g3, na mkonga kwa f3. Hatua mbili tu, na hakuna samaki hata mmoja aliye yatima. Anayeanza kwa kurusha farasi mbele kabla ya koul hajakosea kanuni, amekosea hesabu: farasi akiondoka b1 kwenda d2 na koul bado yuko c1, samaki wa c3 naye anabaki bila mlinzi, pamoja na d3.

Gharama yake ni hii: koul akikaa f2, mfalme hana tena pa kurukia upande huo, amebakiwa na b2. Ukitaka mfalme aende f2, mrushe kwanza, halafu umlinde g3 kwa njia nyingine.

Mfano wa mwanzo uliotulia. Wa chini: koul c1 kwenda c2. Wa juu: koul f8 kwenda f7. Wa chini: koul f1 kwenda f2. Wa juu: koul c8 kwenda c7. Wa chini: farasi b1 kwenda d2. Wa juu: farasi g8 kwenda e7. Sasa wa chini anasogeza samaki e3 kwenda e4, na wa juu anajibu samaki d6 kwenda d5. Samaki wawili wameonana mshazari na yeyote anaweza kula.

Mcheza drafti atakula d5 hapohapo. Hebu hesabu: mraba wa d5 unalindwa na samaki wa c6, samaki wa e6 na farasi wa e7. Utampata samaki mmoja, utatoa mmoja, na ruhusa zako mbili zimekufa ilhali e3 ilikuwa imeshafunguka. Hatua nzuri ni neang e1 kwenda e3 kwanza. Samaki wa e4 hana wasiwasi, analindwa na d3, f3 na farasi wa d2. Wa juu akimla, una njia tatu za kurudishia, na zote si sawa. Ukila kwa samaki wa d3 unaifungua safu ya d, yaani miraba yote yenye herufi d, na mfalme wako yuko d1; kinachomkinga ni farasi wa d2 tu, ambaye sasa hawezi kuondoka. Ukila kwa farasi unamtoa mlinzi. Kula kwa samaki wa f3: koul wa f2 bado anaifunga safu ile, na g3 bado yuko chini ya mguu wake.

Kosa hili la kufungua safu ya mfalme ndilo linalomaliza michezo mingi ya wanaoanza. Kwenye ouk, mashua ndicho kipande pekee kinachopiga kutoka mbali. Hakuna mshazari mrefu wa kuogopa. Basi mfalme ana maadui wawili tu wa kweli: safu iliyo wazi, na farasi anayeruka. Akiwa nyuma ya samaki na koul kwenye safu iliyofungwa, anaweza kulala usingizi.

Katikati ya mchezo

Kwa makadirio, mashua ni sawa na samaki watano, farasi watatu, koul wawili na nusu, neang chini kidogo ya wawili. Farasi ana thamani kubwa hapa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu wote wanaomzunguka wanatembea hatua moja moja na hawawezi kumkimbia. Mashua kinyume chake: mwanzoni haina njia, na ikitoka mapema inafukuzwa na samaki wa bure. Iache nyumbani mpaka safu moja ifunguke.

Samaki wakikutana uso kwa uso, e4 na e5, hakuna anayeweza kusogea. Ubao ukijaa fundo za namna hiyo, mchezo unakwama. Njia ya kulifungua fundo ni kusogeza samaki wa jirani, d au f, ili mshazari uonekane. Wakati mwingine inalipa kumtoa farasi kwa samaki wawili, endapo samaki wako wa jirani atavuka mpaka wa sita hatua inayofuata.

Samaki aliyefika mstari wa 5 kwa kawaida hageuki kwa kusogea mbele, kwa kuwa mbele yake yupo samaki wa adui. Anageuka kwa kula mshazari. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama njia iko wazi, ni kama yupo wa kuliwa ubavuni, na je, baada ya kugeuka atabaki hai? Neang mpya katikati ya kambi ya adui hana mbio za kukimbia. Asipokuwa na mlinzi, umempa mwenzako neang kwa bei ya samaki.

Mlinzi bora wa neang ni samaki. Weka samaki d4 na neang e5. Samaki anamlinda neang kwa kuwa yuko mshazari mbele yake. Neang anamlinda samaki kwa kuwa yeye hupiga mshazari hata nyuma. Wawili hao wanashikana mikono na mashua ya adui haiwezi kumgusa yeyote bila kulipia. Ukipanga jozi mbili kama hizo ubaoni, mikono ya mfalme wako na mashua inakuwa huru kwa kazi nyingine.

Hesabu ya mwisho

Mchezaji anaweza kuwa na vipande vitano dhidi ya mfalme mtupu, akatoka na sare. Hesabu ndiyo inayofanya hivyo, na hapa drafti haikufundishi kitu.

Hesabu inaanza tu ubao ukiwa hauna samaki yeyote ambaye hajageuzwa, wa upande wowote. Kama aliyezidiwa bado ana vipande, anaweza kuanza kuhesabu hatua 64. Zikiisha hajafungwa, sare. Akibaki na mfalme peke yake, hesabu ile inafutwa na inaanza nyingine fupi zaidi, kulingana na kipande kikubwa alicho nacho mshambuliaji:

mashua mbili, 8
mashua moja, 16
koul wawili bila mashua, 22
koul mmoja bila mashua, 44
farasi wawili bila mashua wala koul, 32
farasi mmoja bila mashua wala koul, 64
neang tu, 64

Namba hiyo si idadi kamili ya hatua unazopewa. Unatoa kwanza vipande vyote vilivyo ubaoni, wafalme wote wawili wakiwemo. Mwenye mashua mbili na farasi dhidi ya mfalme mtupu: vipande ni vitano, 8 kutoa 5, amebakiwa na hatua tatu. Anayekimbia anahesabu kwa sauti, akianzia sita: sita, saba, nane. Kijiweni watazamaji watataka kumsaidia kuhesabu. Wakatazeni, maana mmoja akiruka namba, hakuna atakayekubali matokeo.

Ukiitazama vizuri utaona inavyowabana wenye wingi. Kila kipande cha ziada kinakula hatua moja ya muda wako. Una mashua moja, farasi na neang wawili, naye ana mfalme na neang mmoja wa mwisho. Ukimla huyo neang leo, ubao una sita, 16 kutoa 6, una hatua kumi za kumfunga. Mfalme wake akiwa katikati ya ubao, kumi zinaweza zisitoshe. Basi usimle. Mwache neang yule azurure, msukume mfalme mpaka ukingoni, umzibie, na ikibidi kumla, umle zikiwa zimebaki hatua mbili tatu za kumaliza. Wakati huo huenda hesabu ya 64 inaendelea, lakini 64 ni nyingi.

Njia ya pili ni kumficha samaki mmoja ambaye hajageuzwa. Maadamu yupo, hakuna hesabu inayoanza. Mweke mahali mfalme wa adui hawezi kumfikia, nyuma ya mashua yako au karibu na mfalme wako, wala usimsukume avuke mpaka kwa uroho wa kupata neang mwingine. Adui ataenda kumla akipata nafasi, na ndiyo maana mlinzi wake asiondoke.

Suala la rangi nalo linarudi hapa. Ukiwa umebaki na neang pekee na wote wanakaa rangi moja, huwezi kumfunga mfalme mtupu, hata wawe wanne. Miraba ya rangi ya pili inabaki wazi na mfalme wako mmoja hawezi kuiziba yote. Kwa hiyo kabla ya kumgeuza samaki wa mwisho, tazama rangi ya mraba atakaogeukia. Kama neang wako wote wako kwenye nyeusi, mtafutie nyeupe, hata kama inabidi umle mtu wa safu ya jirani ili aangukie huko.

Zoezi la kuanzia ni mashua na mfalme dhidi ya mfalme mtupu. Vipande vitatu, 16 kutoa 3, hatua 13. Mfalme anayekimbia mwanzie ukingoni, siyo katikati, kwa kuwa kutoka katikati hata fundi anaweza kuzidiwa na hesabu. Lengo ni sura hii: mfalme wa adui h8, wako g6, mashua yako inatua a8. Mstari wa nane wote unapigwa na mashua, g7 na h7 zinashikwa na mfalme wako. Ili uifikie, mashua ikae kwanza mstari wa saba kumzuia asishuke, mfalme wako apande taratibu mpaka atazamane naye kwa kuruka mraba mmoja, ndipo mashua ipige. Akija kuisogelea mashua, ipeleke upande wa pili wa ubao kwenye mstari uleule wa saba; hatua hiyo moja haikupotezei kitu, mradi mfalme wako hajaziba njia yake. Mwenzako ahesabu kwa sauti kuanzia nne. Mkifika 16 mfalme bado anapumua, rudisheni vipande na mbadilishane.